Tuhesabu funguo kabla ya kukiogopa kitufe

Februari 2025 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni muswada ambao, pamoja na mambo mengine, unafanya kuwa kosa kumiliki au kuuza vifaa vya kielektroniki vinavyotumika kuiba magari, kwa adhabu inayoweza kufika kifungo cha miaka 5. Habari hiyo haikuchukua muda kufika Nyanda za Juu Kusini, na haikuja peke yake. Ilikuja na video za kamera za ulinzi: usiku wa manane, kijana mmoja kasimama mlangoni kwa mtu ameshika antena ya waya, mwenzake yuko kwenye mpini wa mlango wa gari, na kabla dakika mbili hazijaisha gari linatoka bila kioo kuvunjwa wala alamu kulia. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye magari wa Iringa, Makambako na Mbeya video hizo bado zinazunguka, na kila zikipita hukumu ni ile ile: magari ya kuwasha kwa kitufe ni ya kuibiwa, heri urudi kwenye gari la kuzungusha ufunguo. Wauza vipochi vya kuzuia mawimbi ya rimoti nao wamepata soko.

Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka, na kwa mazingira yetu inapotosha. Gari la kitufe lina udhaifu wa kweli, tena zaidi ya mmoja, na sitaupunguza. Lakini huku kwetu mlango uliobaki wazi kuliko yote hauhitaji antena. Ni ufunguo ambao gari lenyewe linautambua kuwa halali, ulioko mikononi mwa mtu ambaye mwenye gari hamjui au amemsahau. Swali la kumuuliza anayeuza Crown au Harrier si kama gari linawashwa kwa kitufe. La kuuliza ni kompyuta ya gari hilo inatambua funguo ngapi, na zote ziko wapi. Tukiendelea kukiogopa kitufe bila kuuliza hilo, tutanunua vipochi na magari yataendelea kututoka.

Tuanze na jinsi mfumo unavyofanya kazi, maana ubishi mwingi unatokana na kutouelewa. Rimoti ya gari la kitufe haitumi mawimbi muda wote kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida imelala. Ukigusa mpini wa mlango au ukibonyeza kitufe, gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini sana, mara nyingi karibu kilohezi 125, ambayo hayafiki mbali. Ni mita moja au mbili tu. Rimoti ikiyasikia huamka na kujibu kwa masafa ya juu zaidi, megahezi 315 kwa magari mengi ya soko la Japani na 433 kwa mengi ya Ulaya. Gari huuliza swali linalobadilika kila mara, rimoti hujibu kwa hesabu ya siri, na jibu likiwa sahihi mlango unafunguka. Hesabu hiyo ya siri kwa kawaida ni ngumu kuivunja. Tatizo liko kwenye dhana iliyo chini yake: kwamba rimoti ikisikia, basi iko karibu. Gari halipimi umbali. Linakisia tu.

Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, walionyesha matokeo ya dhana hiyo. Walijaribu magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8, wakiweka antena moja karibu na gari na nyingine karibu na ufunguo, kisha wakayapitisha mawimbi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Magari yote yalifunguka na kuwaka. Hawakuvunja siri yoyote. Waliurefusha tu mkono wa gari. Miaka iliyofuata chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kilirudia jaribio la namna hiyo kwa mamia ya aina za magari, na mengi yalishindwa. Dawa ya kweli inajulikana, nayo ni teknolojia ya mawimbi ya bendi pana inayopima muda ambao jibu limechukua njiani, hivyo gari linajua kama rimoti iko pembeni au iko chumbani. Imeanza kuwekwa kwenye magari mapya ya bei kubwa. Crown, Mark X na Premio tunazoshusha bandarini Dar es Salaam zikiwa zimeshatembea Japani miaka kumi au zaidi hazina kitu hicho.

Udhaifu wa pili ni mbaya zaidi, nao hauhitaji ufunguo wako hata kidogo. Mwaka 2022 mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa London, Ian Tabor, alikuta bampa ya RAV4 yake imelegezwa na plagi ya taa ya mbele imechomolewa. Alidhani ni uharibifu wa vijana wa mtaani. Miezi michache baadaye gari likaondoka. Yeye na mwenzake Ken Tindell walichunguza, na mwaka 2023 Tindell akaeleza kwa kina kilichotokea. Taa ya gari la kisasa imeunganishwa kwenye waya wa mawasiliano unaotumiwa pia na mifumo mingine ya gari. Mwizi anachomoa plagi ya taa, anachomeka kifaa chake (walichokinunua wao kilikuwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya muziki), na kifaa kinaiambia kompyuta ya gari kwamba ufunguo halali upo. Japani kwenyewe mbinu ya jamii hiyo imetumika sana kuiba Land Cruiser, Alphard na Lexus. Hapo kipochi cha rimoti hakisaidii chochote, maana rimoti haihusiki kabisa.

Wa tatu ni ule ambao mafundi umeme wa Mafiati, Mbeya, na Mlandege, Iringa, wanaujua kuliko mtu yeyote: soketi ya kupimia gari iliyo chini ya dashibodi. Kupitia soketi hiyo, kwa mashine inayouzwa waziwazi, fundi anaweza kuandikisha ufunguo mpya kwenye kompyuta ya gari au kuufuta uliopo. Kazi hiyo ni halali na inahitajika. Ufunguo ukikudondokea Kyela utamhitaji mtu wa kukutengenezea mwingine, la sivyo gari litabaki pambo. Lakini mashine hiyo haijui nani ni mwenye gari. Inamtambua aliyekaa kwenye kiti.

Sasa kuna hoja kwamba turudi kwenye ufunguo wa kuzungusha. Naisikia kila siku, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Kilichoilinda gari tangu miaka ya 1990 si umbo la ufunguo. Ni imobilaiza, yaani ile chipu iliyo ndani ya kichwa cha ufunguo ambayo bila kutambuliwa injini haiwaki. Umoja wa Ulaya ulipolazimisha kifaa hicho kwenye magari mapya mwishoni mwa miaka ya 1990, wizi wa magari ulishuka sana katika nchi nyingi za huko. Marekani haikulazimisha, na matokeo yake yalionekana miaka ya 2021 na 2022, pale vijana walipofundishana mitandaoni kuiba magari ya Hyundai na Kia yaliyouzwa bila imobilaiza: unang'oa plastiki ya chini ya usukani na kuzungusha swichi kwa kichwa cha waya wa kuchajia simu. Februari 2023 kampuni hizo zilitangaza kuyapa programu mpya bila malipo magari yapatayo milioni 8.3. Jambo la kuzingatia ni kwamba yaliyokuwa yanaibwa kwa njia hiyo ni yale ya kuzungusha ufunguo. Yenye kitufe yalikuwa na imobilaiza, na mbinu hiyo haikuyagusa.

Huku kwetu hali ni ya jamii hiyo hiyo. Magari mengi madogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 hayana imobilaiza, kwa sababu huko haikuwa lazima. Mtu aliyewahi kumiliki Corolla au Carina ya zamani anajua kwamba ufunguo uliochakaa wa gari la jirani unaweza kumfungulia mlango, na pengine kuliwasha kabisa. Anayeuza Premio ya kitufe ili anunue gari la namna hiyo kwa kuogopa wezi ananunua gari jepesi zaidi kuibika. Kwa upande mwingine, dalali anayekwambia gari la kitufe haliibiki anasema uongo ulio wazi, na sina la kuongeza kwake.

Hoja ya kuheshimu ni ile inayosema: vifaa hivi vitafika, na Mbeya itakuwa ya kwanza kuvipata. Sababu zake ni nzito. Barabara ya TANZAM inapitisha kila siku magari ya IT, yaani yale yanayopita tu nchini kwenda Zambia, Malawi na Kongo, kwa hiyo Harrier isiyo na namba za Tanzania ikipita Uyole haimshtui mtu. Tunduma, mpakani na Zambia, iko kilomita 100 na ushee kutoka Mbeya mjini, na Kasumulu, mpakani na Malawi, nayo si mbali. Gari likiibiwa saa nane usiku, mwenyewe akiamka saa kumi na mbili, linaweza kuwa limeshafika mpakani. Bei ya vifaa vya kielektroniki haipandi, inashuka. Yote hayo nayakubali, na sidai kwamba antena haitakuja kutumika Isanga au Kihesa.

Lakini tupime kama mwizi anavyopima. Wizi wa antena unahitaji watu wawili, kifaa cha gharama, na nyumba ambayo gari na rimoti vyote vinafikika kutoka nje. Nyumba za Uingereza kwenye video zile zimepakana na barabara, gari liko mbele ya mlango na rimoti iko kwenye kimeza cha sebuleni, hatua tatu kutoka mlangoni. Nyumba nyingi za hapa zenye gari zina ukuta au uzio wa michongoma, geti, mbwa, na mara nyingi mlinzi. Si kinga kamili, ila zinaongeza kazi. Mwizi atabeba gharama hiyo yote pale tu atakapokosa njia rahisi. Na njia rahisi tumempa sisi wenyewe.

Nenda sehemu yoyote ya kuosha magari pale Kabwe au Soweto, Mbeya mjini, siku ya Jumamosi. Ukutani kuna ubao wenye misumari, na kwenye misumari zinaning'inia rimoti za magari ya watu, kila moja na kitambaa au kibati chake. Vijana wanazichukua kusogeza magari, wanarudisha, wanazichukua tena. Mwenye gari ameenda kula, atarudi baada ya saa moja na nusu. Ndani ya saa hiyo gari liko wazi, rimoti halali iko ndani, soketi ya kupimia iko chini ya usukani, na kuandikisha ufunguo wa ziada hakumalizi hata nusu ya muda huo. Siwatuhumu vijana wanaoosha magari. Wengi wao ni waaminifu kuliko wateja wao. Nasema tu kwamba tumewakabidhi kitu ambacho tusingewakabidhi kama tungejua uzito wake. Hali ni hiyo hiyo kwenye paking za kulaza magari za Ilomba na Mwanjelwa, ambako wapangaji wasio na nafasi nyumbani huacha gari na ufunguo kwa mlinzi ili aweze kulisogeza alfajiri. Hali ni hiyo hiyo gereji. Ufunguo ukishaandikishwa, hakuna taa itakayowaka kwenye dashibodi kukuarifu. Gari litakuwa lako na la mwingine kwa pamoja, na huyo mwingine anaweza kusubiri miezi.

Kuna jamaa yangu alinunua gari la kitufe la mkononi, lililokuwa na wamiliki wawili kabla yake hapa hapa nchini. Alikabidhiwa rimoti moja, akaambiwa nyingine ilipotelea shambani. Alipolipeleka kwa fundi kwa ajili ya taa ya injini, fundi akapitia pia ukurasa wa funguo kwenye mashine yake: zilizoandikishwa zilikuwa tatu. Ya tatu hakuna aliyewahi kuitaja. Fundi alizifuta zote, akaandikisha ile aliyokuwa nayo mezani, na kazi ikaishia hapo. Hatutajua kama ile ya tatu ilikuwa na nia mbaya nyuma yake au la. Ila angeendelea kulala kwa amani bila kujua kwamba ipo.

Kuna jambo jingine la gari la kitufe ambalo kwa baridi ya huku linastahili kutazamwa. Injini ikishawaka, gari halizimiki ufunguo ukitoka nje. Halizimiki kwa makusudi, kwa sababu kuzima injini barabarani rimoti ikiisha betri kungeua watu. Linalia na kuonyesha onyo, basi. Mwezi wa Juni na Julai, Mbeya, Iringa na zaidi Njombe, watu huwasha gari alfajiri liungurume lipate joto, kisha wanarudi ndani kuandaa watoto wa shule, au wanashuka kufungua geti, rimoti ikiwa mfukoni. Wanaamini kwamba bila rimoti gari haliendi. Linaenda. Anayeingia na kuondoka nalo anaweza kuliendesha hadi mafuta yaishe, mradi asilizime. Na lile onyo, kwenye Crown na magari mengine yenye kioo cha maandishi, limeandikwa Kijapani. Tumezoea kulipuuza pamoja na maandishi mengine yote ya Kijapani yanayopita pale, na mlio wake tunauchukulia kama wa mkanda.

Kipochi basi kina nafasi gani? Kina nafasi yake usiku, na anayekitumia asikiache, ila akijaribu kwanza: weka rimoti ndani, simama karibu na mlango, gusa mpini. Ukifunguka, umeuziwa mfuko. Kwenye Toyota nyingi za kitufe kuna njia isiyo na gharama yoyote: shikilia kitufe cha kufunga kwenye rimoti, huku umekishikilia bonyeza cha kufungua mara mbili, na taa ndogo ya rimoti itamulika mara nne. Rimoti imelala kabisa, haisikii gari wala antena ya mtu, hadi utakapobonyeza kitufe chake chochote. Loki ya chuma ya usukani nayo inafaa dhidi ya mbinu zote tatu nilizoeleza, kwa sababu haina kompyuta ya kudanganya. Traka ya GPS inasaidia kulitafuta gari likishaondoka, si kulizuia lisiondoke, na wezi wenye uzoefu huanza kwa kuitafuta.

Kwa upande wa sheria, wapo wanaotaka nasi tufuate Uingereza tupige marufuku vifaa. Kwa sehemu tunacho cha kuanzia: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumiliki isivyo halali kifaa kilichotengenezwa au kurekebishwa kwa ajili ya kutenda kosa. Antena za kurefusha mawimbi na zile spika za bandia hazina kazi nyingine halali mikononi mwa raia, na sina tatizo zikikamatwa. Mashine ya kuandikisha funguo ni tofauti. Ukiipiga marufuku, utawanyima mkate mafundi wa Mafinga na Tunduma wanaotegemewa na watu waliopoteza funguo, na mwizi ataendelea kuagiza yake kwa siri. Kinachokosekana kwa fundi ni kumbukumbu. Anayenakili ufunguo wa gari leo halazimiki kuona kadi ya gari, kuandika namba ya chesisi, wala kuuliza jina la aliyeleta kazi. Daftari moja lenye mambo hayo, ambalo polisi wanaweza kuliomba gari linapopotea, lingemlinda fundi mwaminifu kwanza, maana ndiye anayeanza kushikwa kila gari likiibiwa.

Bima nayo inaingia hapa. Wengi wetu tunatembea na bima ndogo kwa sababu ndiyo ya lazima, na bima ndogo hailipi gari likiibiwa. Mwenye bima kubwa hukaguliwa gari lake: picha za pande nne, namba ya chesisi, kilomita. Idadi ya funguo zinazotambuliwa na gari haimo kwenye ukaguzi huo, ilhali siku ya madai swali la kwanza linaweza kuwa funguo zako ziko wapi. Kampuni ikiongeza kipimo hicho siku ya kukata bima, inajipunguzia hasara yenyewe na inampa mteja ushahidi kwamba gari lilianza na funguo mbili na zote mbili anazo.

Mahali pa haraka zaidi pa kuanzia, hata hivyo, hapasubiri bunge wala bima. Mkataba wa mauziano ya gari unaoandikwa mbele ya wakili una namba ya usajili, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, na bei kwa tarakimu na kwa maneno. Uongezewe mistari miwili: idadi ya funguo zilizokabidhiwa, na idadi ya funguo zilizosomwa kwenye kompyuta ya gari siku hiyo, pamoja na jina na saini ya fundi aliyesoma. Idadi hizo zikitofautiana, mnunuzi asimalizie malipo mpaka zile zisizokuwepo mezani zifutwe mbele yake, kwa gharama ya muuzaji.